Ngazi za Afya: Tupande Bila Kujidanganya

Mwezi huu tujifunze pamoja njia moja ya kujenga tabia njema za afya, nayo ni kuzigawa katika ngazi, kama madarasa ya shule, na kupanda moja baada ya nyingine. Njia hii inafaa sana, lakini ina mtego wake: udanganyifu.

Faida ya ngazi

Mtu akiambiwa "fanya mazoezi," mara nyingi hajui aanzie wapi. Akipewa kazi ndogo anayoiweza wiki hii, hupata moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Tunaweza kuzifikia hivi:

Ngazi ya 1: kutembea haraka dakika 10 kwa siku, siku 5 za wiki.
Ngazi ya 2: dakika 20 kwa siku, siku 5.
Ngazi ya 3: dakika 30 kwa siku, siku 5. Hapo dakika 150 zimetimia.

Tukae wiki mbili katika kila ngazi kabla ya kupanda. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Mwenye maumivu ya kifua au kidonda cha mguu amwone mganga kwanza.

Namba siyo afya

Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza chombo cha kuhesabu hatua, ikakipa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi." Jina la bidhaa likageuka kuwa sheria kwa watu wengi. Lakini utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake wazee wapatao 16,700 ulionyesha kuwa waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida haikuongezeka tena baada ya hatua 7,500 hivi.

Anayeabudu namba huishia kuitikisa simu mkononi akiwa amekaa kitini, ili ihesabu hatua. Simu imepanda ngazi; moyo na misuli vimebaki palepale.

Udanganyifu wa hatari zaidi

Wako wagonjwa wa kisukari wanaojaza daftari la vipimo kwa namba nzuri za kubuni, usiku wa kuamkia kliniki. Wengine hujinyima chakula siku mbili tu kabla ya kupimwa. Mganga akiziamini namba hizo, hatarekebisha dawa, na sukari itaendelea kuharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Na anayejinyima chakula huku akitumia dawa anaweza kuishiwa sukari mwilini na kuzimia.

Tena, damu haidanganyiki. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo kipimo kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tusimkaripie anayeleta namba mbaya. Mtu hudanganya anapoogopa.
2. Turuhusu kushuka ngazi. Aliyeugua malaria aanze tena ngazi ya 1 bila aibu.
3. Zawadi zisiwe kubwa. Mtoto akiahidiwa fedha kwa kila alama ya kupiga mswaki, ataweka alama na mswaki utabaki mkavu.
4. Tufanye pamoja. Baba, mama na watoto wakitembea pamoja, hakuna wa kudanganywa.

Maswali ya kujadili katika familia

Ni tabia gani moja tutakayoigawa katika ngazi mwezi huu? Je, kuna mtu hapa nyumbani anayeogopa kusema ukweli kuhusu dawa zake au vipimo vyake? Tumsaidieje aseme?

Haba na haba hujaza kibaba, mradi kinachotiwa humo ni nafaka ya kweli.