Ndoa ya Kihindu: Hatua Saba Mbele ya Moto

Ndugu msomaji, hapa Karagwe na Kyerwa harusi tunazijua. Kuna posa, mahari, rubisi na ngoma. Wengine hufunga ndoa kanisani, wengine msikitini. Lakini wapo Watanzania wenzetu walio Wahindu. Wanafungaje ndoa? Hebu tujifunze.

Kwanza tusichanganye maneno. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wapo Wahindi Waislamu, na wapo Wahindi Wakristo. Wahindu wengi wa Tanzania, wazee wao walitoka Gujarati, magharibi ya India. Mahekalu yao yapo Mwanza, na Dar es Salaam yapo mtaa wa Kisutu.

Kabla ya harusi, bibi harusi hupakwa hina mikononi na miguuni. Siku ya ndoa hutengenezwa kibanda cha nguzo nne, kikapambwa maua. Bwana na bibi huvishana mashada ya maua. Maana yake ni kwamba wamekubaliana. Kisha baba huuweka mkono wa binti yake katika mkono wa mume.

Kuhani huwasha moto mdogo na kuutilia samli. Moto huo ni shahidi. Nguo za maharusi hufungwa fundo pamoja, nao huuzunguka moto. Watu wa Gujarati huzunguka mara nne.

Sasa ndipo huja hatua saba. Maharusi hupiga hatua pamoja, na kila hatua ina ombi lake:

1. Chakula
2. Nguvu
3. Mali
4. Furaha
5. Watoto
6. Afya na majira mema
7. Urafiki

Maneno hutofautiana kidogo mahali na mahali. Sheria ya India ya mwaka 1955 inasema kwamba, kwa wanaofuata desturi hii, ndoa hukamilika kwenye hatua ya saba. Tazama basi: mali ni hatua ya tatu tu. Ya mwisho ni urafiki.

Lakini mali imeleta ugomvi huko pia. Kwa desturi ya India, mali hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume. Kwetu hutoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa binti. Mwaka 1961 India ilipiga marufuku kutoa, kupokea au kudai mali hiyo. Hata hivyo, bado wapo wanawake wanaoteswa, hata kuuawa, kwa ajili yake.

Na sisi je? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya Kihindu, ya kimila na ya bomani. Inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Tena ndoa haivunjiki eti kwa sababu mahari haijalipwa. Kwa hiyo mtu asimwambie mkewe, "Nimekununua." Mke si mbuzi wa mnadani. Mahari ni heshima kwa wazazi, si bei ya mtu.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mhindi na Mhindu wana tofauti gani?
2. Moto una kazi gani katika ndoa ya Kihindu?
3. Kijijini kwenu, mahari inajenga urafiki au inauvunja? Toeni mifano.