Somo la 14: Gari Limeinuliwa, Usukani Hautulii



Katika vijiji vingi gari moja hufanya kazi za watu wengi. Asubuhi hubeba mahindi. Mchana hubeba saruji. Usiku huamshwa ili limpeleke mama mjamzito hospitali. Gari la namna hii likiharibika, hasara si ya dereva peke yake. Kwa hiyo hata wewe usiyeendesha unapaswa kujua mambo machache kuhusu gari hilo, hasa ukiwa katika kamati inayowalipa mafundi.

Leo tutajifunza jambo linalowasumbua wengi. Gari limeinuliwa ili lipite kwenye matope na mawe, na kweli linapita. Lakini likifika barabara nzuri, usukani hautulii. Dereva anapigana nao njia nzima.

Kwa nini watu huinua gari?

Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hushika tairi. Mawe nayo hugonga difu na tangi la mafuta. Ndipo watu huweka springi ndefu zaidi au vipande vya chuma juu ya springi. Wengine huongeza na tairi kubwa.

Somo hili linahusu magari yenye ekseli moja nzima mbele, inayotoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, na yenye springi za koili. Mifano ni Land Rover 110 ya zamani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, na Toyota Land Cruiser nyingi za aina ya 70 zilizotengenezwa tangu mwaka 1999. Magari madogo yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea yana mambo yake mengine.

Mambo matatu hubadilika

Kwanza, mlalo wa ekseli. Chukua baiskeli. Weka fimbo iliyonyooka ubavuni mwa shingo yake, ifuate mlalo wa shingo mpaka chini. Utaona kwamba fimbo inagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Kwa hiyo gurudumu linafuata nyuma ya mhimili wake, na baiskeli inapenda kwenda moja kwa moja. Gari nalo limetengenezwa hivyo. Mafundi huuita mlalo huu kasta.

Ekseli ya mbele imeshikwa kwenye chesi kwa mikono miwili ya chuma. Chesi ikiinuliwa, mikono hiyo huinama zaidi na kuizungusha ekseli. Mkono wenye urefu wa sentimita 90, chesi ikipanda sentimita 5, huzunguka kama digrii 3. Land Rover 110 hutoka kiwandani na kasta ya kama digrii 3 tu. Basi unaona: kuinua kidogo tu kunaweza kuimaliza karibu yote. Gari lililopungukiwa na kasta hutangatanga barabarani, na usukani haurudi wenyewe baada ya kukata kona.

Pili, ekseli husogea kando. Iko fimbo moja ya chuma inayokwenda kutoka chesi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Chesi ikipanda, fimbo hii husimama zaidi, na ekseli huvutwa kuelekea upande ambako fimbo imefungwa kwenye chesi.

Tatu, usukani hukaa upande. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu nayo huinama zaidi. Kwa sababu hiyo magurudumu yakiwa yamenyooka, usukani huwa umepinda.

Kagua kwa utaratibu

Usianze kununua vipuri. Anza na kisichogharimu kitu.

1. Tairi. Pima upepo kabla gari halijasafiri. Tairi lenye upepo mdogo hufanya usukani uwe mzito na hulivuta gari upande mmoja. Tazama pia kashata. Je, zimelika sawasawa pande zote?

2. Bolti. Springi zilipobadilishwa, bolti nyingi zilifunguliwa. Zikazwe zote tena. Bolti zinazopita kwenye bushi za mikono na fimbo zikazwe mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, bushi hubaki zimesokotwa na huharibika mapema.

3. Mchezo. Gari likae mahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Mwingine atazame kila kiungo cha fimbo za usukani na ile fimbo inayoshika ekseli. Kiungo kinachocheza huku chuma cha pili hakisogei, hicho kimelika.

4. Beringi na kingipini. Inua gurudumu moja kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, shaka iko kwenye beringi ya gurudumu. Ukibaki, shaka iko kwenye kingipini.

5. Kipimo cha pande mbili. Pima kutoka chesi hadi ukingo wa rimu, kushoto na kulia, mahali palepale. Toa kipimo kidogo katika kikubwa, kisha gawa kwa mbili. Jibu ndilo umbali ambao ekseli imesogea kando. Linganisha na ulivyopima kabla ya kuinua, kama ulipima. Kama hukupima, sasa unajua sababu ya kupima siku nyingine.

6. Mipira ya breki. Hili si la usukani, lakini usiliache. Fundi ainue chesi na kuiweka kwenye stendi mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie. Azungushe usukani mpaka mwisho, pande zote mbili. Mpira wa breki ukikaza kama kamba ya mbuzi, ni mfupi. Utapasuka siku gari litakaporuka shimo, na siku hiyo breki haitakuwepo.

Kila dalili na dawa yake

Usukani umepinda lakini gari linakwenda sawa. Dawa ni kurekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye boksi. Fundi asing'oe usukani na kuurudisha umenyooka. Boksi lina mahali pake pa katikati, ambapo mchezo ni mdogo kabisa. Ukiung'oa usukani tu, macho yako yataridhika, lakini boksi litabaki limepinda.

Gari linatangatanga na usukani haurudi. Kama viungo ni vizima, shaka kubwa iko kwenye kasta. Dawa ni bushi zenye tundu lisilo la katikati, au mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Usikubali mikono ya zamani ipashwe moto na kukunjwa. Chuma hicho ndicho kinachoishika ekseli. Ujue pia kwamba kuirudisha kasta huzungusha difu ya mbele. Propela ikianza kutetema baada ya hapo, fundi akague viungo vyake.

Ekseli imesogea kando. Dawa ni fimbo inayorefushwa na kufupishwa, ili ekseli irudishwe katikati.

Usukani unatetemeka sana gari likipita kwenye bonde dogo, nalo halitulii mpaka lipunguzwe mwendo. Hii ni hatari. Tafuta bushi au kiungo kilicholika, bolti iliyolegea, beringi, au tairi lisilo na uzito sawa pande zote. Wengine hufunga shokapu mpya ya usukani, na mtetemo hupungua. Lakini ugonjwa haujapona. Umefunikwa tu.

Alaimenti haitoshi

Mara nyingi kamati huambiwa, "Ndugu zangu, pelekeni gari mjini likafanyiwe alaimenti." Huko hurekebishwa fimbo inayounganisha magurudumu mawili, ili yasikaribiane mno wala kuachana mno kwa mbele. Katika gari lenye ekseli nzima, fimbo hiyo hupanda na kushuka pamoja na ekseli. Kuinua gari hakuibadilishi. Basi, mkitumia nauli na fedha za alaimenti bila kupima kasta, huenda gari likarudi na ugonjwa uleule. Mwambieni fundi wa mjini: "Tunaomba utupimie kasta, utuandikie kipimo cha kushoto na cha kulia." Karatasi hiyo itunzwe na kamati.

Jambo la kufikiri

Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, kwa sababu uzito wake uko juu. Likibeba magunia na watu juu ya magunia, hatari huongezeka tena. Anayepelekwa hospitali usiku hana uwezo wa kuchagua gari. Wanaochagua ni kamati na dereva. Kwa hiyo baada ya kila matengenezo, dereva alijaribu gari likiwa tupu, kwenye barabara isiyo na watu, kwa mwendo mdogo kwanza. Likitangatanga, lisibebe mtu. Na ikiwa kijiji hakina fedha za kukamilisha kazi, ni heri kurudisha springi za zamani na kupita matope kwa koleo na kamba, kuliko kupita matope kwa raha na kuanguka kwenye lami.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini gurudumu la mbele la baiskeli hupenda kwenda moja kwa moja?

2. Kipimo kutoka chesi hadi rimu ni sentimita 12.5 kushoto na sentimita 14 kulia. Kabla ya kuinua, pande zote zilikuwa sawa. Ekseli imesogea sentimita ngapi?

3. Fundi anasema, "Nimeweka shokapu ya usukani, gari limepona." Kamati imuulize maswali gani kabla ya kumlipa?

4. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mweleze mambo 3 yanayopaswa kukaguliwa kabla gari lililoinuliwa halijabeba mgonjwa.