Ngome Kongwe: Somo la Chokaa na Matunzo

Ngome Kongwe, iliyopo Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni jengo la kijeshi lililosimama kwa zaidi ya miaka 300. Ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta zake nene na minara yake zilikusudiwa kuukinga mji dhidi ya adui atokaye baharini.

Kazi ya vita ilipokwisha, ngome haikuachwa tupu. Katika karne ya 19 ilitumika kuwa kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari ya reli iliyounganisha mji na Bububu. Katika miaka ya 1940 ilitengenezwa ikawa klabu ya wanawake, na katika miaka ya 1990 ikakarabatiwa na kujengewa ukumbi wa wazi wa maonesho, ambao hadi leo hupokea matamasha ya filamu na muziki. Kila kizazi kiliipa kazi, na jengo lenye kazi huwa na mtu wa kuziba paa linapovuja.

Siri ya pili imo katika vifaa. Kuta za ngome, kama zile za nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia ya kutoka. Chumvi hujikusanya ndani, chokaa ya zamani hulegea, na lipu mpya hubanduka vipande vipande. Paa likivuja, boriti za mikoko huoza kwenye ncha zake, mahali zilipoingia ukutani, na hapo ndipo uzito wa sakafu nzima unapoegemea.

Gharama ya uchakavu inajulikana. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jirani wa ngome hiyo, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limejengwa mwaka 1883, takriban karne mbili baada ya ngome.

Wakaazi wa nyumba za mawe wana nafasi kubwa ya kuzuia maafa ya aina hiyo. Kabla ya masika, paa na mifereji yake isafishwe. Miche inayoota ukutani ing'olewe ingali midogo, kwani mizizi yake hupasua mawe. Ukuta unaotumbuka au ufa unaopanuka uripotiwe mapema kwa sheha. Ukarabati wowote ndani ya eneo la hifadhi, hata wa lipu tu, uombewe kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na fundi aulizwe mapema kama anaijua kazi ya chokaa.

Usiposiba ufa, utajenga ukuta. Ngome Kongwe imesimama kwa sababu nyufa zake zilizibwa.