Kuku Aliyetoroka: Namna ya Kumrudisha Salama bila Kuvunja Amani

Somo kwa familia zilizohamishwa, familia zinazozipokea, na viongozi wao, Kisangani

Lengo la somo
Baada ya somo hili kila familia iweze kumrudisha kuku wake bila kumuumiza. Kila kiongozi aweze kumaliza ugomvi wa kuku kabla haujawa ugomvi wa makabila.

Kwa nini tuongee juu ya kuku?
Familia inayokimbia haiwezi kubeba nyumba wala shamba. Inabeba watoto, sufuria, nguo, na mara nyingine kuku mmoja au wawili waliofungwa miguu. Kuku huyo ni akiba. Mtoto akishikwa na malaria, kuku anauzwa, dawa inapatikana. Kwa hiyo kuku akipotea, ni akiba ya nyumba iliyopotea.

Kuna jambo la pili. Mnamo Februari 2023 mapigano yalianza kati ya Wambole na Walengola, kwa sababu ya ugomvi wa ardhi upande wa Lubunga na teritware ya Ubundu. Watu wengi waliuawa na maelfu walikimbia vijiji vyao. Mahali ambapo watu wana machungu namna hiyo, neno «mwizi» ni kiberiti. Linaanza juu ya kuku mmoja, kesho linakuwa «watu wa kabila lile».

SEHEMU YA KWANZA: KUKU MWENYEWE

Wazee walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku hajui kwake mpaka amelala hapo siku nyingi. Mkifika mahali papya, mfungieni ndani au mfungeni kamba laini kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mpeni chakula na maji mahali palepale kila siku, na mtumie sauti ileile ya kumwita. Baadaye mfungulieni jioni, saa moja kabla ya giza, ili asiende mbali.

Akitoroka, fuateni hatua hizi:

1. Msimkimbize. Kuku anayefukuzwa na watoto wengi anazidi kwenda mbali, anaingia parsela za watu, na anaweza kuvunjika bawa au kufa kwa joto. Waiteni watoto warudi kwanza.

2. Mwiteni kwa sauti aliyoizoea. Mwageni punje chache za mchele au mahindi karibu naye, kisha nyingine kuelekea nyumbani. Anayemlisha kila siku ndiye aite, wengine wakae mbali.

3. Tumieni kuku wenzake. Walisheni mahali anapoweza kuwaona na kuwasikia. Kuku hapendi kukaa peke yake.

4. Ngojeni jioni. Jua likikaribia kuzama, kuku hutafuta mahali alipozoea kulala. Acheni mlango wa kibanda wazi, fungeni mbwa, nyamazeni.

5. Akilala juu ya mti au paa, ngojeni giza. Kuku haoni vizuri usiku. Mtu mmoja aende polepole, asimmulike machoni.

6. Mshikeni vizuri. Bana mabawa yake yote mawili kwenye mwili kwa mikono, kisha mkumbatie. Usimvute kwa mguu mmoja wala kwa bawa. Akisumbuka, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi, atatulia.

Kama ni tetea na haonekani kwa siku nyingi, huenda anaatamia mayai mafichoni. Mayai huanguliwa kwa siku 21 hivi. Tetea wa namna hiyo hutoka kwa muda mfupi kila siku kutafuta chakula na maji. Mfuateni kwa mbali bila kelele, mtaona kiota chake.

Akirudi, mpeni maji na mwangalieni kama ana jeraha. Kama alichanganyika na kuku wa wengine, mtengeni kwa wiki mbili. Ugonjwa wa kideri, ambao waganga wa mifugo huuita Newcastle, unaweza kumaliza kuku wa avenyu nzima. Dalili zake ni kuhema kwa shida, kuharisha kijani, mabawa kulegea na shingo kupinda. Chanjo ipo, lakini hutolewa kwa kuku wazima.

SEHEMU YA PILI: AKIINGIA KWA JIRANI

Usiingie parsela ya mtu ukimfuata kuku, hata ukimwona kwa macho. Simama mlangoni, piga hodi, salimia. Sema shida yako, usiseme kosa la mwenzako:

«Jambo, Mama. Kuku wangu mwekundu mwenye kitambaa cha bluu mguuni ametoroka tangu asubuhi. Nisaidie kumwangalia.»

Mtu aliyeombwa msaada hutafuta pamoja nawe. Mtu aliyeitwa mwizi hutafuta panga. Kama kuku wako amekula lengalenga za jirani, omba msamaha na mlipe kadiri mtakavyopatana, kabla hujaondoka na kuku.

Na wewe uliyepata kuku asiye wako, usimfiche hata usiku mmoja. Mjulishe shefu wa avenyu na majirani wawili. Ukikaa kimya, hata wema wako utaonekana wizi.

SEHEMU YA TATU: KWA VIONGOZI

Watu wawili wakidai kuku mmoja, fanyeni hivi:

• Waketisheni pamoja, mbele ya mtu mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohamishwa.
• Kila mmoja aeleze alama za kuku akiwa peke yake, kabla ya kuku kuletwa.
• Kama nyumba zao ziko karibu, jioni mwacheni kuku katikati, bila chakula na bila kuitwa. Angalieni anakwenda kulala wapi. Jaribio hili lifanyike siku ya kwanza au ya pili tu. Kuku aliyefungiwa siku nyingi kwa mtu mwingine huanza kuzoea huko, na jaribio halina maana tena.
• Msikubali jina la kabila litajwe. Anayelaumiwa ni mtu, si ukoo wake.
• Msiwaache vijana waamue kwa fimbo.
• Mkimaliza, tangazeni mapatano mbele ya watu, maana uvumi unakimbia kuliko toleka.

Ni vizuri zaidi kuzuia. Kila familia imfunge kuku wake kitambaa cha rangi mguuni, kisichobana. Kwa kuku mchanga, kilegezwe kadiri anavyokua. Kamati iandike daftarini jina la familia, rangi ya kuku na rangi ya kitambaa. Daftari dogo hilo linaweza kuokoa nyumba nyingi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika avenyu yetu, ni ugomvi gani mdogo uliowahi kuwa mkubwa? Nani angeweza kuuzima mapema?
2. Familia iliyohamishwa ikipoteza kitu, inaogopa kuuliza kwa nani? Kwa sababu gani?
3. Ni nani, kwa wenyeji na kwa wageni, wanaoaminiwa na pande zote mbili?
4. Juma hili tutaanza lini kuandika daftari la kuku, na nani atalishika?