Kiwanja cha kiwanda cha zamani: pimeni mbele ya kulima

Ndugu wakulima, koperative ikipewa kiwanja ambapo zamani palikuwa kiwanda, garaje au machimbo, musikimbilie jembe.

Jirani zetu wa Kasese, ngambo ya Rwenzori, wanajua sababu. Kule Kilembe shaba ilichimbwa tangu 1956 mpaka miaka ya 1980. Kazi ilisimama, mabaki ya mawe yakabaki. Mvua na mto Nyamwamba vikayashusha bondeni. Mahali pengine nyasi zilikauka kabisa.

Sumu ya metali haiozi kama majani. Moto hauimalizi, na jembe linaisambaza tu.

Fanyeni hivi:

1. Ulizeni wazee: hapa palimwagika nini? Mafuta, maji ya betri, zebaki?
2. Tieni alama mahali pasipoota kitu. Udongo wa pale muufunge peke yake.
3. Pelekeni udongo upimwe. Kwa shauri, ulizeni kitivo cha kilimo cha UCG, Butembo.
4. Mukingoja majibu, musipande lengalenga wala viazi. Watoto wasicheze pale: vumbi linaingia mudomoni.
5. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, haiondoi metali. Sumu ikizidi, pandeni miti ya mbao, chakula kilimwe pengine.

Swali la kikao: mbele yetu, nani alitumia kiwanja chetu, na kwa kazi gani?