Mume wangu ni fundi betri: je, nimpime mtoto risasi?

SWALI: Daktari, mume wangu hutengeneza betri za magari na kazi yake anaifanyia uani kwetu, hapa Mikindani, Mombasa. Tuna binti wa mwaka mmoja na nusu, na kila anachookota anakitia mdomoni. Juzi wifi yangu anayeishi Marekani alipomwona kwenye simu amekaa karibu na betri alipiga kelele, akasema huko kwao watoto wote hupimwa madini ya risasi na nisipompima huyu nitajuta. Mume wangu anasema hiyo ni hofu ya Wazungu, kazi hii ameifanya miaka mingi na kila jioni hunywa maziwa. Mtoto anakula, anacheza, hana homa. Je, nimpime au nimwache?
Mama wa Mikindani

JIBU: Mama, mpime, wala usingoje augue.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi ya babake. Binti huyuhuyu angekuwa wa karani wa benki, hakuna fundi betri wala kiwanda cha madini karibu, ningekwambia pesa hizo mnunulie samaki na mboga. Kipimo cha risasi si cha kila mtoto hapa kwetu. Hata huko aliko wifi yako mambo si kama alivyoyasema: wanaotakiwa kupimwa wote, wakiwa na miezi 12 na tena 24, ni watoto walio kwenye bima ya serikali iitwayo Medicaid, wengine hutegemea jimbo na nyumba wanayokaa. Wenzetu hao wanahangaika na nyumba kuukuu zilizopakwa rangi yenye risasi na mabomba ya maji ya zamani. Sisi petroli yenye risasi tuliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na hilo lilitupunguzia mzigo mkubwa. Lakini betri bado zipo.

Mumeo analijua hili kuliko mimi: ndani ya betri mna mabamba ya risasi yaliyopakwa kitu kama uji mzito. Ukikauka hugeuka unga, wa kijivu upande mmoja, wa kahawia iliyokolea upande wa pili. Anapoyagonga mabamba na kumwaga tope lililotuama chini, unga huo humwingia kwenye kucha, kwenye mishono ya ovaroli, kwenye nyayo za ndara. Jioni anaingia nao ndani. Binti anamkimbilia, anamkumbatia miguu, kisha anakaa sakafuni na kunyonya vidole. Hakuna anayeona chochote. Na kiasi kilekile cha risasi kikimezwa na mtu mzima na mtoto, mwili wa mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi, na zaidi ya hapo kama ana upungufu wa madini ya chuma. Ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Kuhusu hofu ya Wazungu, mwambie mumeo asimame barabarani aulize Owino Uhuru ni wapi. Ni hapo jirani yenu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi hapo 2007 na kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, alihangaika na mwanawe hospitalini, akatibiwa hili na lile bila nafuu, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye na majirani walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 wakaazi waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakazungushwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao Desemba 2024. Hayo si mambo ya kusomea kwenye magazeti ya ng'ambo.

Maziwa nayo. Nimeyasikia kwa mafundi betri, mafundi rangi na wachomeleaji: ukinywa glasi ya maziwa jioni, sumu inaoshwa. Haioshwi. Mtu aliyeshiba vizuri, mwenye kalisi na chuma ya kutosha, tumbo lake hufyonza risasi kidogo kuliko la mwenye njaa, kwa hiyo maziwa si mabaya, na binti yenu apewe pamoja na dagaa, maharagwe na mchicha. Lakini risasi iliyokwisha kuingia haifuati maziwa kutoka. Nyingi huhamia kwenye mifupa na hukaa humo miaka na miaka. Chai za kusafisha mwili zinazouzwa kwenye simu usimpe mtoto hata kijiko.

Unasema anakula na anacheza. Nafurahi, ila hilo halinipi uhakika. Kwa kiwango cha chini risasi haitoi dalili yoyote. Inapunguza akili na utulivu wa mtoto polepole, na mzazi huja kuona darasani. Ikizidi ndipo huja kuumwa tumbo, choo kigumu, kukosa damu, ukorofi usio na sababu, na mwisho degedege. Hapo mtoto hupewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza baba anafanya kazi gani. Kwa hiyo ukifika kliniki, kabla ya kuulizwa lolote, sema: babake hupasua betri nyumbani.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Nywele na mkojo usikubali kwa kazi hii. Kama watamtoboa kidole, mikono yake ioshwe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana chembe ya vumbi kwenye ngozi inatosha kuharibu jibu. Na jibu likiwa juu, lithibitishwe kwa damu ya mshipani. Si kila maabara ina mashine ya kipimo hiki, nyingi hutuma sampuli kwingine, kwa hiyo piga simu kwanza uulize bei na siku za kusubiri.

Jibu litakuja kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Hakuna namba iliyothibitishwa kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe, na mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalisi aongezewe. Ikifika 45, mtoto kama wako anahitaji dawa maalumu za kuitoa risasi mwilini, chini ya uangalizi wa hospitali kubwa. Wazazi wengi huniomba dawa hizo hata kwa namba ndogo. Siwapi. Zina madhara yake, na mtoto akirudi kwenye vumbi lilelile tumefanya kazi bure.

Ndiyo maana la kuanza leo jioni, kabla hata ya kupata nauli ya maabara, ni vumbi. Kazi itoke uani. Najua kodi ya kibanda ni pesa, lakini hapa sina njia ya mkato ya kumpa mumeo. Ovaroli na viatu vibaki kazini. Aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, zisiingie kwenye beseni moja na za mtoto. Usifagie kwa ufagio mkavu, unalirusha vumbi hewani. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Binti anawe mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kula na kulala.

Na kama kuna ndugu mvuvi anayeyeyushia chubwi za risasi kwenye jiko lenu, akome. Wanja pia. Wa masizi sina neno nao, lakini wanja wa manga, ule wa jiwe linalosagwa, mara nyingi huwa na risasi nyingi, na bibi zetu bado huwapaka watoto wachanga machoni. Utupe.

Mumeo naye apimwe, na wewe pia, hasa kama una mimba au unaitarajia, kwani risasi hutoka mifupani mwa mama ikamfikia mtoto tumboni. Binti arudiwe kipimo baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi kama namba ya kwanza ilikuwa kubwa. Ikiwa haishuki na uani pameshasafishwa, usimlaumu baba tena kabla ya kuangalia ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, anafanya kazi gani.