DARASA LA IJUMAA: KOMPYUTA YA OKAZIO IKIHARIBIKA, NANI AMLIPE FUNDI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, biashara ya kompyuta za mkononi za okazio imeingia mitaani mwetu, na ugomvi umeingia pamoja nayo. Mzazi anakusanya dola 150 ili mtoto asome. Garanti ni wiki mbili. Wiki ya nne kioo kinakuwa cheusi, na fundi anataka dola 60. Muuzaji anasema: "Garanti imekwisha." Mnunuzi anasema: "Umenidhulumu." Na wote wawili wanasali safu moja. Sheria yetu yasemaje?

1. Kasoro ilianza lini?
Wanavyuoni huuliza hili kwanza. Kasoro iliyotokea mikononi mwa mnunuzi, kama maji yaliyomwagikia kompyuta au umeme uliorudi kwa nguvu ukaiunguza, ni juu yake. Vilevile kasoro aliyoonyeshwa akaridhika nayo, kama batri iliyochoka. Lakini kasoro iliyokuwapo kabla ya kuuziana, ikafichikana, nayo inapunguza thamani, inampa mnunuzi khiyari: airudishe apewe pesa zake, au abaki nayo kwa bei ile ile. Garanti ni ahadi ya muuzaji. Khiyari ya kasoro ni haki ya sheria. Ya kwanza ikiisha, ya pili haifi kwa sababu hiyo.

2. Mwenye kuficha hana kinga
Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya fungu la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akakemea vikali udanganyifu.

Wengine husema: "Nakuuzia kama ilivyo." Katika Muwatta ya Imam Malik, Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo. Mnunuzi akaona ugonjwa, wakafika kwa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman akahukumu Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, na baadaye akamwuza kwa dirhamu 1,500. Basi muuzaji ajiulize: naweza kuapa mbele ya Allah kwamba sikujua?

3. Mnunuzi naye ana wajibu
a) Akigundua kasoro, aache kuitumia na amjulishe muuzaji upesi. Katika madhehebu ya Shafi, kuendelea kuitumia baada ya kujua ni kuridhika, na haki ya kurudisha inaanguka.
b) Asimlipe fundi kwanza, halafu ampelekee muuzaji deni. Kompyuta ikishafunguliwa na kubadilishwa vipande, nani atatambua kasoro ya zamani? Wachague pamoja fundi mwaminifu, aitazame mbele yao.
c) Ushahidi ukikosekana, kauli ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake.

Ikirudishwa, muuzaji asidai malipo ya siku ilizotumiwa. Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba faida ni ya yule anayebeba hasara.

Sheria ya nchi yetu, kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, nayo inamdai muuzaji kwa kasoro zilizofichika, si zile zinazoonekana, na inamtaka mnunuzi asichelewe kudai.

4. Kabla ya kutoa pesa
Iwashe kwa saa nzima, sehemu yake bila chaja. Jaribu kila kitufe, tazama kioo chote, tikisa waya wa chaja uone kama umeme unakatika. Kisha andikeni: tarehe, bei, kasoro zilizotajwa, majina ya mashahidi wawili. Sura ya Al-Baqara, aya 282, yatufundisha kuandika deni na kushuhudisha tunapouziana.

Ndugu zangu, ukweli usipojulikana, sulhu ni njia njema: huyu atoe dola 30 na yule 30. Hakuna anayetoka tajiri kwa dola hizo, lakini watatoka wakisalimiana.

Ewe Allah, tubarikie katika biashara zetu, na utuepushe na chumo la haramu. Amin.

Wallahu aalam.